Unga wa njano, urujuanimno na taa nyeupe za LED: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga, na jioni natengeneza taa za sola. Maswali ya humu nimeulizwa darasani, mezani kwangu na njiani nikitoka msikitini, mengine mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike mahali pamoja. Dukani watu huuliza wati, huuliza bei, huuliza waranti. Sijasikia mtu akiuliza unga. Na kwenye taa ya LED unga ndio unaoamua mwanga utakuwaje, kwa hiyo nitauzungumzia sana.

Taa yangu inatoa mwanga mweupe. Mbona ikizimwa vile vidude vya ndani ni vya njano?

Chukua balbu ya LED iliyokufa, itoe kwenye umeme, kisha bandua kile kifuniko cheupe cha plastiki kwa kisu butu, taratibu, ukikizungusha. Ndani utakuta sahani ya alumini yenye vimiraba vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kina doa la njano kama kiini cha yai. Njano hiyo ni unga uliokorogwa na silikoni, ukamwagwa juu ya chipu, yaani kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga, na kuachwa ukauke. Unga wa namna hiyo unaitwa fosfa.

Chipu iliyo chini ya unga haitoi mwanga mweupe hata kidogo. Inatoa buluu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Buluu hiyo ikipita kwenye unga, sehemu yake inamezwa na kurudishwa nje ikiwa njano, na sehemu nyingine inapenya kama ilivyo. Jicho likipokea buluu na njano kwa pamoja na kwa kipimo kinachofaa, linaona nyeupe.

Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka waone. Tunachukua LED moja ya tochi mbovu, tunaiwasha kwa umeme mdogo sana wa betri, halafu mmoja anakwangua silikoni kwa kijiti cha meno. Unga ukitoka upande mmoja, upande ule unawaka buluu kali na mwingine unabaki mweupe. Mkono ukiwa mzito, kijiti kinakata uzi wa dhahabu unaopeleka umeme kwenye chipu, mwembamba kuliko unywele, na LED inazimika moja kwa moja. Kwa kawaida tunaua tatu kabla ya moja kufanikiwa.

Fosfa ni ile fosforasi ya mbolea na ya njiti za kiberiti?

Hapana. Majina yanafanana kwa sababu yote mawili yametoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mchukua mwanga. Unga wa njano wa LED hauna fosforasi ndani yake.

Kwa nini wasitengeneze chipu inayotoa nyeupe moja kwa moja?

Kwa sababu chipu moja hutoa rangi moja. Ndani ya semikondakta elektroni inashuka kutoka ngazi ya juu ya nishati kwenda ya chini, na nishati inayoachwa inatoka ikiwa mwanga. Urefu wa ngazi hiyo unategemea kitu chipu ilichotengenezwa nacho. Galiamu nitridi tupu ina pengo la elektroni-volti 3.4, nalo linalingana na nanomita 365, ndani ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana ulio nje ya urujuani. Ukiongeza indiamu, pengo linapungua na mwanga unasogea kwenye urujuani, kisha buluu, kisha kijani. Ukiongeza alumini, unasogea upande wa pili, ndani zaidi ya urujuanimno. Nyeupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Haina ngazi yake.

Unaweza kuweka chipu tatu pamoja, nyekundu, kijani na buluu, na taa za jukwaani zimetengenezwa hivyo. Lakini chipu za kijani zina ufanisi mdogo kuliko buluu na nyekundu, kila rangi inazeeka na kuathiriwa na joto kwa namna yake, na bila saketi ya kuzisawazisha nyeupe ya leo haitakuwa nyeupe ya mwaka kesho. Unga ni rahisi, na ukiwa mzuri unadumu.

Nani alianzisha mambo haya?

Watu hutaja Tuzo ya Nobeli ya fizikia ya mwaka 2014, iliyokwenda kwa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kwa sababu ya LED ya buluu. Ni haki yao. Akasaki na Amano, wakiwa Nagoya, walipata fuwele nzuri za galiamu nitridi mwaka 1986, na miaka michache baadaye wakapata njia ya kuifanya ipitishe umeme kwa namna inayotakiwa. Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia, alitangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993.

Ninachopenda kuwaambia wanafunzi ni habari ya Nichia yenyewe. Haikuwa kampuni kubwa ya elektroniki kutoka Tokyo. Ilikuwa kiwanda cha kemikali katika mji wa Anan, kisiwa cha Shikoku, na biashara yake ilikuwa kuuza fosfa za taa za tyubu na za vioo vya televisheni. Walikuwa watu wa unga. Kwa hiyo chipu ya buluu ilipopatikana, hawakwenda mbali: mwaka 1996 walitoa LED nyeupe kwa kuweka unga wa njano juu ya chipu hiyo. Na unga wenyewe ulikuwa ukijulikana tangu mwaka 1967, ulipoelezwa na Blasse na Bril wa maabara za Philips kule Uholanzi, kwa ajili ya kazi za mirija ya kioo. Ulikaa karibu miaka 30 ukisubiri chipu ya kuushirikisha.

Huo unga wa njano ni kitu gani hasa?

Ni fuwele ya itriamu, alumini na oksijeni, iliyojengeka kama kito cha ganeti. Wenzangu wa Tanga tuna haki ya kutabasamu hapa: bonde la Umba, huko mpakani, linajulikana duniani kwa ganeti na kwa yakuti samawi. LED imezijenga fuwele hizo zote mbili kiwandani. Unga una muundo wa ganeti, na chipu kwa kawaida imeoteshwa juu ya bamba la yakuti samawi.

Ganeti ya itriamu ikiwa safi haina rangi wala haiwaki. Inaanza kuwaka pale ambapo atomu chache za itriamu, kama moja hadi tatu katika kila mia, zimeondolewa na nafasi yake kupewa seriamu. Seriamu inameza buluu. Elektroni yake inapanda ngazi. Kabla ya kushuka, sehemu ya nishati inapotelea kwenye mtikisiko wa fuwele, yaani joto. Kwa hiyo inaposhuka inatoa mwanga wenye nishati pungufu: njano pana, kilele chake karibu na nanomita 550, mkia wake ukianzia kwenye kijani na kuishia kwenye nyekundu.

Kanuni kwamba mwanga unaotoka una nishati ndogo kuliko ulioingia ilielezwa na George Stokes mwaka 1852. Moja ya vitu alivyovitumia ni kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria. Maji yenye kwinini yakiwekwa kwenye mionzi isiyoonekana iliyo nje ya urujuani, yanawaka buluu. Ukiwa na tochi ya urujuanimno na chupa ya soda ya toniki, jaribu usiku.

Na seriamu si mgeni kwetu. Wazee waliovua dagaa kwa karabai wanakikumbuka kile kifuko cheupe cha kitambaa kinachofungwa juu ya mdomo wa taa, kikishaungua kinabaki majivu yanayong'aa. Majivu yale yalikuwa oksidi ya thoriamu yenye seriamu kama asilimia 1. Vifuko vingi vya baadaye vimeacha thoriamu, kwa kuwa ina mionzi ya nyuklia, vikatumia itriamu. Itriamu na seriamu: zile zile zilizomo kwenye unga wa LED. Namna ya kuwaka ni tofauti, kwa sababu karabai huwaka kwa joto, lakini kila ninapofungua balbu nalikumbuka karabai la babu.

Urujuanimno unaingia wapi? Nilisikia kuna LED nyeupe zinazotumia urujuanimno badala ya buluu.

Zipo, na hapa ndipo penye mjadala wa kweli. Badala ya chipu ya buluu unachukua chipu ya urujuanimno wa karibu, nanomita 365 hadi 400, au ya urujuani wenyewe, 405 hadi 415. Juu yake unaweka unga wa aina tatu: wa buluu, wa kijani na wa nyekundu. Chipu inakuwa jiko tu. Kila rangi unayoiona imepikwa na unga.

Faida ya kwanza ni uthabiti wa rangi. Katika LED ya kawaida buluu ya chipu ni sehemu ya mwanga unaouona, kwa hiyo chipu mbili zilizotofautiana nanomita tano zitatoa nyeupe mbili tofauti. Ndiyo maana viwanda hupima LED moja moja na kuzigawa kwenye mafungu ya rangi. Chipu ya urujuanimno ikitofautiana kidogo na mwenzake, jicho halijui, kwa sababu jicho halioni chipu, linaona unga peke yake.

Faida ya pili ni upana wa rangi. LED ya buluu na njano ina shimo karibu na nanomita 480, pale penye rangi ya maji ya bahari isiyo na kina. Unga wa buluu, kwa kuwa mwanga wake ni mpana kuliko wa chipu, unaweza kuliziba.

Sasa hasara. Rudi kwa Stokes. Fotoni (chembe ya mwanga) moja ya nanomita 450 ikigeuzwa kuwa ya 560, inabaki na asilimia 80 ya nishati yake. Ukianzia 405, inabaki asilimia 72. Ukianzia 365, asilimia 65. Hayo hata kama unga hauna kasoro yoyote. Isitoshe, kwenye LED ya kawaida buluu inapita bure bila kugeuzwa, wakati huku hata buluu lazima ilipiwe. (Taa za tyubu ndizo zilizolipa zaidi: zebaki yake hutoa nanomita 254, na ukiigeuza kuwa 560 unabaki na asilimia 45 tu.)

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ule unga wa njano tuliouzoea haufai kwa kazi hii. Unanyonya vizuri karibu na 460, na kidogo karibu na 340, lakini katikati, kwenye 390 na 400 hivi, ndipo penye chipu nzuri za urujuanimno, na hapo hapo unga haunyonyi karibu chochote. Lazima utafute unga mwingine. Wa buluu mara nyingi ni aluminati ya bariamu na magnesiamu yenye yuropiamu, uliotoka kwenye taa za tyubu. Wa nyekundu ni nitridi yenye yuropiamu pia. Na ukizichanganya tatu pamoja, nyekundu inameza kijani na buluu zilizokwisha kutengenezwa, hivyo nishati inalipiwa mara mbili.

Mwisho, urujuanimno unakula plastiki. Yeyote aliyeacha ndoo juani miaka miwili anajua. Epoksi iliyotumika kufunika LED za zamani inageuka njano na kupasuka. Silikoni inavumilia zaidi. Kwa mawimbi mafupi kabisa hakuna budi kutumia kioo.

Aliyeibeba njia hii kwa bidii ni Nakamura mwenyewe. Mwaka 2008 yeye, Steven DenBaars na James Speck walianzisha kampuni ya Soraa kule California, iliyotumia chipu za urujuani zilizooteshwa juu ya galiamu nitridi yenyewe badala ya yakuti samawi. Maoni yangu: kwa sebule na jikoni, chipu ya buluu yenye unga mzuri wa nyekundu inatosha. Kwa fundi cherehani, duka la nguo, au jumba la makumbusho, urujuani unastahili gharama yake, na swali linalofuata ndilo sababu.

Kanzu yangu ni nyeupe pepepe nje, ndani chini ya taa mpya inaonekana imechakaa. Shida ni sabuni?

Sabuni inahusika, lakini haijakosea. Sabuni nyingi za unga, na vitambaa vyeupe vingi tangu kiwandani, vina kemikali inayomeza urujuanimno na urujuani kisha kutoa buluu. Buluu hiyo ya nyongeza ndiyo inayoifanya kanzu ing'ae kuliko nyeupe. Kwa maneno mengine, kanzu yako nayo ina fosfa.

Juani urujuanimno ni mwingi, kanzu inawaka. Chini ya LED ya buluu na njano, mwanga unaanza karibu na 430 na kilele chake ni 450. Chakula cha kemikali ile hakipo, kanzu inalala. Siku ya Idi niliwahi kupanga kanzu mbili mezani, moja mpya na moja ya miaka minne, chini ya LED ya kawaida: ndugu zangu hawakuweza kuzitofautisha. Tukatoka nazo uani, hakuna aliyekosea. Taa yenye chipu ya urujuani inabakiza urujuani kidogo kwenye mwanga wake, kwa hiyo nyeupe inarudi kuwa nyeupe hata ndani.

Basi taa hizo zinatoa mionzi ya hatari?

LED nyeupe ya kawaida haina urujuanimno wa maana; chipu ya buluu haiutengenezi. Ile ya urujuani ikitengenezwa vizuri, unga unameza karibu wote na kinachobaki kiko kwenye mpaka wa kuonekana. Vipo viwango vya kimataifa vinavyopima mwanga wa taa kwa usalama wa macho na ngozi, na taa ya heshima inaonyesha kundi lake.

Ninachowaonya watu ni LED za urujuanimno tupu, zisizo na unga: za kukagulia noti, za kukaushia rangi ya kucha, na hasa zile za kuua vijidudu, zenye mawimbi ya chini ya nanomita 280. Hizo za mwisho zinaunguza macho na ngozi bila wewe kuhisi kitu wakati ule ule. Usimpe mtoto kuchezea.

Kwa nini nyama buchani, nyanya na hata uso wa mtu vinaonekana vya kijivu chini ya taa za bei ndogo?

Hapo umegusa nyekundu, na nyekundu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii.

Unga wa njano una nyekundu kidogo tu. Ukiutumia peke yake, kipimo cha uaminifu wa rangi, kile kinachoandikwa kwenye boksi kama Ra au CRI, kinaishia 70 na kitu, wakati jua ni 100. Kupata 80 au 90 lazima uongeze unga wa nyekundu. Mwuzaji hapendi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni jicho letu: wati moja ya mwanga wa kijani wa nanomita 555 inahesabiwa lumeni 683 (lumeni ni kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona); wati hiyo hiyo ikiwa nyekundu ya nanomita 650 inahesabiwa kama lumeni 73. Kwa hiyo kila tone la nyekundu linashusha namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi, na namba ndiyo inayouza.

Suluhisho mojawapo ni nyekundu nyembamba. Kuna unga wa potasiamu, silikoni (elementi, si ile silikoni ya kufunikia chipu) na florini uliotiwa manganizi, ambao hutoa mistari myembamba ya nyekundu karibu na 631. Pale jicho bado linaona vizuri: wati moja ya nanomita 630 ni lumeni kama 181, zaidi ya mara mbili ya 650. Na haumezi kijani cha wenzake. Umeenea sana kwenye vioo vya televisheni na simu. Udhaifu wake ni unyevu, na sisi wa pwani tunaujua unyevu.

Kwa hiyo, ukinunua taa ya bucha, ya jiko au ya saluni, soma Ra. Chini ya 80 iache. Kama boksi limeandika pia R9, ambayo ni nyekundu iliyokolea, usiridhike na sifuri.

6500K na 2700K maana yake nini? Ipi ina nguvu zaidi?

Ni rangi ya nyeupe, haihusiani na nguvu. 2700K inakaribia balbu ya zamani ya nyuzi, ina unga mwingi na nyekundu nyingi. 6500K inakaribia anga la mchana, ina unga mchache na buluu nyingi inayopenya. Taa nyingi za bei ndogo ni 6500K kwa sababu hizo hizo nilizozitaja: unga mchache, lumeni nyingi. Chumbani usiku chukua 2700K au 3000K.

Taa zangu zimegeuka buluu au zambarau baada ya mwaka mmoja. Nimeuziwa feki?

Huenda, lakini ngoja nikueleze kinachotokea. Mimi mwenyewe niliwahi kununua balbu 12 kwa ajili ya madrasa ya mtaani, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kufikia Ramadhani iliyofuata saba zilikuwa zinatoa mwanga wa kibuluu na watoto walilalamika macho. Nilipozifungua, sahani ya alumini ilikuwa nyembamba kama kifuniko cha mtindi, na silikoni juu ya chipu ilikuwa imepasuka na kuinuka pembeni. Buluu ilikuwa inatokea kwenye ufa bila kupita kwenye unga.

Joto ndilo lililofanya kazi hiyo. Unga wa njano wenyewe ni mgumu: hata kwenye nyuzi 150 za Selsiasi unabaki na sehemu kubwa ya mwanga wake. Nyekundu huwa zinaathirika zaidi. Lakini silikoni, gundi na viunganishi vinachoka mapema. Hata wakubwa yamewafika: kuanzia karibu mwaka 2020 miji kadhaa ya Marekani na Kanada, Vancouver ukiwemo, iliona taa zake za barabarani zikigeuka zambarau, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba tabaka la unga lilibanduka kutoka kwenye chipu.

Kwa hiyo pima balbu kwa mkono kabla ya kununua. Nzito ina alumini ya kutosha kutoa joto. Na usiifungie ndani ya kioo kisichopitisha hewa.

Unga unatengenezwaje? Naweza kujaribu shuleni?

Wa njano: oksidi ya itriamu, oksidi ya alumini na kidogo cha oksidi ya seriamu vinasagwa pamoja, vinaongezwa chumvi ya florini ili kusaidia fuwele zikue, kisha vinachomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,400 hadi 1,600 kwa saa kadhaa, ndani ya gesi ya naitrojeni yenye hidrojeni. Gesi hiyo ni ya lazima, maana hewani seriamu hupoteza elektroni moja zaidi na hali hiyo haiwaki. Baadaye bonge linasagwa, linaoshwa, linachekechwa mpaka punje zifike mikromita 10 hadi 20. Shuleni hatuna tanuri la namna hiyo, wala nisingependa mtu ajaribu hidrojeni darasani.

Balbu ya LED ikivunjika, unga una sumu?

Zoa, funga, tupa; unga umefungwa ndani ya silikoni na ni kiasi cha miligramu. Usiichanganye na taa ya tyubu au enajiseva. Hizo zina zebaki. Ikivunjika fungua madirisha, toka nje kwa muda, usifagie kwa ufagio wala usiinuse. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ulioumizwa na zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba taa za tyubu zikomeshwe kufikia 2027.

Madini ya unga huu tunayo?

Baadhi. Itriamu, seriamu na yuropiamu ziko kwenye kundi linaloitwa madini adimu, na China ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya uchimbaji na zaidi bado usafishaji. Bei zilipopaa mwaka 2010 na 2011 viwanda vya taa viliumia. Kwetu kuna Ngualla, mkoani Songwe. Burundi kuna Gakara. Kenya kuna kilima cha Mrima, Kwale. Mwamba wa Ngualla na Gakara una seriamu nyingi sana, ingawa wachimbaji wanautaka kwa sababu ya neodimiamu ya sumaku. Seriamu ndiyo rahisi kupatikana katika ndugu zake wote, na LED moja inahitaji chembe tu. Kwa hiyo usimwamini anayesema taa zitatutajirisha kwa seriamu. Thamani iko kwenye usafishaji na tanuri.

Mbona taa ya LED haivuti wadudu kama tyubu?

Wadudu wengi wanaona urujuanimno vizuri kuliko sisi, na tyubu huvujisha kidogo. LED nyeupe haina, ila buluu yake bado inawavuta. Usiku wa kumbikumbi washa ya 2700K barazani, utaona tofauti.

Nitajuaje nyumbani unga wa taa yangu ukoje bila kifaa?

Tafuta CD ya zamani. Usiku, zima taa zote ubakize moja, simama mita mbili, ishike CD upande unaong'aa na uigeuze taratibu mpaka upate mfereji wa rangi. Enajiseva itakuonyesha vipande vilivyoachana. LED ya kawaida itakuonyesha buluu kali, kisha giza jembamba, halafu kijani, njano na nyekundu vikishikana bila kukatika. Nyekundu ikififia mapema, unga ni wa njano peke yake. Ukiona uzi mwembamba mkali ndani ya nyekundu, huo ni manganizi. Na kama lile giza baada ya buluu halipo kabisa, niletee taa hiyo nami niione.